Corolla iliyolala miaka mitatu Mikindani: baba na binti waanzie wapi?

Swali kwa ufupi: Msomaji wetu wa Mikindani amenunua Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, ya otomatiki, kwa fedha za korosho. Gari lilikuwa limelala miaka mitatu uani kwa mwenyewe wa kwanza, karibu kabisa na bahari. Betri imekufa, pedali ya breki inazama mpaka chini, na injini haijajaribiwa. Binti yake wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ameomba walitengeneze wenyewe badala ya kulipeleka gereji, na baba amekubali, ingawa ufundi wake unaishia kwenye kubadilisha tairi na plagi za pikipiki. Sasa wanavutana. Baba anataka lipigwe rangi kwanza lifanane na magari ya watu, binti anataka wafungue injini. Wamepanga kumwendea bibi Newala mwezi Desemba. Baba anauliza: tuanze na nini, na je, kazi hii inamfaa mtoto kweli?

Jibu la fundi:

Ndugu yangu, inamfaa, tena umefanya jambo jema kukubali. Mtoto wa miaka 16 anayekuja mwenyewe kuomba kazi ya kuchafuka mikono apewe kazi hiyo. Ila kwenye mvutano wenu sitamuunga mkono yeyote. Rangi isubiri, na injini isubiri. Jumamosi ya kwanza lazeni mkeka chini ya gari, mchukue tochi na bisibisi, mkatafute kutu.

Nawaambia hivi kwa sababu ya mahali mnapoishi. Gari la Dodoma au Singida huchoka injini na giaboksi, bodi bado nzima. Huku kwetu, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, gari huoza kutoka chini wakati injini bado inaunguruma vizuri. Upepo wa bahari unabeba chumvi, chumvi inavuta unyevu hata wakati wa kiangazi, na bati linaliwa usiku na mchana gari likiwa limesimama. Likisimama ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hakuna joto la injini wala mwendo wa kulikausha. Injini ya Corolla 110 inafahamika kwa kila fundi wa Mtwara, spea zake zipo, na ikifa kabisa unapata nyingine ya mtumba ikafungwa. Bodi iliyooza mahali panapobeba uzito haina mbadala wa namna hiyo. Mkipiga rangi kwanza mtakuwa mmefunika jambo ambalo lingewaambia kama gari hili linastahili pesa zenu.

Kabla ya kuingia chini, usalama, na hapa sitaki mzaha. Jeki ni ya kuinulia tu. Mtu haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa nusu dakika ya kuokota nati. Nunueni stendi mbili nzuri kabla ya kununua spea yoyote. Ardhi ya Mikindani ni mchanga, na mguu wa stendi unazama taratibu bila nyinyi kujua, kwa hiyo wekeni ubao mnene na mpana chini ya kila stendi. Msitumie tofali. Tofali linabeba vizuri hadi dakika linapopasuka, na halitoi onyo. Zuieni magurudumu yanayobaki chini kwa magogo, mbele na nyuma, halafu likishakaa juu ya stendi lisukumeni kwa nguvu kutoka ubavuni. Likitikisika, shusheni muanze upya. Ringi ya akiba ilazwe chini ya kizingiti cha mlango kama ulinzi wa mwisho. Binti yako ndiye awe mkaguzi wa jambo hili kila siku ya kazi, na akisema "bado, baba," wewe usiingie chini. Mpe mamlaka hayo kwa maneno wazi tangu siku ya kwanza.

Sasa kutu. Mpe binti bisibisi butu na chaki. Agonge na kuchokoa polepole: vizingiti vya chini ya milango pande zote mbili, sehemu za kuwekea jeki, ndani ya madigadi, sakafu (mng'oe zulia, msitazame kwa juu tu), na chini ya tairi la akiba kwenye buti. Halafu mfungue boneti mtazame pale shokapu za mbele zinapofungwa kwa juu. Bati zima linalia kwa sauti kavu. Lililooza linatoa sauti ya kufa, na bisibisi inaingia. Panapoingia azungushie chaki na kupiga picha. Kutu ya juu juu, ile nyekundu inayokwanguka kwa brashi ya waya ukakuta chuma chini yake, ni kazi yenu: kwangueni, pigeni msasa, osheni kwa maji yasiyo ya chumvi ili kuitoa chumvi, kausheni kabisa, pakeni praima (rangi ya kwanza, ya chini) ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Matundu kwenye sakafu ni kazi ya mchomeleaji mwenye bati jipya. Msikubali mtu ajaze puti juu ya tundu, maana puti haibebi uzito. Siku ya kuchomelea, waya wa hasi wa betri utolewe, na moto usikaribie tangi la mafuta.

Kama mahali pa shokapu pameoza, au vizingiti vyote viwili vinaingia bisibisi kutoka mwanzo hadi mwisho, nakushauri usimame hapo. Liuzwe kama spea, mtafute lingine. Najua itauma baada ya kulipa fedha, lakini mtakuwa mmepoteza kidogo, na binti atakuwa amejifunza kulikagua gari la pili kabla hamjalinunua.

Kuna desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu. Muiache. Inalainisha na kuharibu bushi na mipira, na inayodondoka inaingia kwenye mchanga wenye visima vya watu. Rangi nzito ya lami inayouzwa kwa ajili ya chini ya magari inafaa, ila ipakwe juu ya chuma kilichokwanguliwa na kukauka. Ikipakwa juu ya kutu inafungia unyevu ndani na gari linaoza kwa siri. Tazameni pia vitundu vidogo vya kutolea maji chini ya milango na vizingiti. Mara nyingi vimezibwa na mchanga, na kuvizibua kwa kipande cha waya ni kazi ya dakika chache yenye faida ya miaka.

Bodi ikipita mtihani huo, nendeni kwenye breki. Bado si injini. Gari lisilowaka haliui mtu. Gari linalowaka na halisimami linaua, na mkishaiwasha injini nafsi itawaambia mzunguke nalo mtaa mmoja tu. Na nyinyi mna safari ya Newala. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na ukishuka upande wa Masasi mteremko ni mkali. Hapo ndipo mafuta ya breki yaliyozeeka huonyesha ubaya wake, kwa sababu mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa kadiri miaka inavyokwenda. DOT 3, aina ya kawaida ya mafuta hayo, ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzijoto 205. Iliyokwisha kunywa maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu breki zinapata joto, mafuta yanachemka, mvuke unatokea, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedali inakwenda chini, gari linaendelea.

Kwa gari la miaka mitatu pwani, msijaribu kuokoa vitu vya breki. Mbele kuna diski na pedi, nyuma kwa kawaida ni dramu na brekishu. Nunueni pedi, brekishu, mipira ya silinda za magurudumu na hosi za mpira, vyote vipya. Pedali inayozama inaweza kuwa masta silinda, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedali, imechoka ndani, au kuna mvujo, kwa hiyo fuateni bomba lote kwa tochi kuanzia mbele hadi nyuma. Mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu tazameni hasa kwenye vishikizo vyake, ndipo chumvi inapojikusanya. Bomba lililochimbika kwa kutu lisipakwe rangi wala kubandikwa chochote. Libadilishwe. Na vumbi la ndani ya dramu msilipulize kwa mdomo wala kompresa, kwa sababu brekishu za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo haitakiwi mapafuni. Lilowesheni kwa maji ya sabuni, mfute kwa tambara, mlitupe.

Fungueni gurudumu moja tu kwa wakati mmoja. Upande wa pili ukibaki mzima unakuwa mfano wenu: springi ipi ilikaa juu, kishikizo kipi kilielekea wapi. Binti apige picha kila hatua kwa simu, na nati ziwekwe kwenye trei ya mayai kwa mpangilio uleule wa kufunguliwa. Pendekezo langu ni hili: wewe ufanye gurudumu la kwanza yeye akitazama na kukukabidhi spana, la pili yeye afanye wewe ukitazama, na la tatu na la nne afanye mwenyewe, wewe ukague akimaliza. Mkono wako utakuwasha kumnyang'anya spana. Ujizuie. Mzazi anayenyang'anya spana mara tatu atajikuta anatengeneza gari peke yake, mtoto amekaa kivulini na simu. Akikosea kitu kisicho cha hatari, mwache afike mwisho, kisha muulize, "Hii imekaa sawasawa na ile ya upande wa pili?" Atakiona mwenyewe, na hatakisahau.

Halafu kuna kutoa upepo kwenye breki, kazi ambayo mtu mmoja haiwezi kwa njia ya kawaida. Wewe kaa kwenye kiti cha dereva, yeye awe kwenye gurudumu. Kosa ambalo wazazi wengi hufanya ni kumpa mtoto kazi ya kukanyaga, wao washike spana. Geuzeni. Anayeshika spana ndiye anayeona mapovu, kwa hiyo ndiye anayetoa amri. Achukue mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama ule wa dripu unaouzwa duka la dawa, auchomeke kwenye kinati cha kutolea upepo, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Akisema "Kanyaga," unakanyaga taratibu na kushikilia. Anafungua robo mzunguko, pedali inashuka, unajibu "Imefika." Anafunga. Ndipo anasema "Achia." Ukiachia kabla hajafunga, hewa inarudi ndani na kazi inaanza upya. Anzeni na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kopo la mafuta ya breki lililo juu ya masta silinda lisikauke hata mara moja. Kinati kilichoshika kutu kisilazimishwe, kitavunjika. Kipakeni mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, kigongwe kidogo, na kifunguliwe kwa spana ya pete, siyo ya mdomo. Mafuta ya breki yakidondokea kwenye rangi mwageni maji papo hapo kwa sababu yanaibabua, na yakae mbali na watoto wadogo kwa kuwa ni sumu.

Mtakaa saa nyingi kwenye kazi hiyo, mkisemezana maneno matatu tu. Baba anasubiri amri ya mwanawe, na mwana anajua kwamba akitamka vibaya kazi inaharibika. Nimewaona wazazi na watoto waliokuwa hawazungumzi wakimaliza breki wakaanza kubishana kuhusu springi kama mafundi wawili. Kama mna Jumamosi moja tu ya kukaa pamoja mwezi mzima, iwekeni hapa.

Wakati huohuo, gurudumu likiwa juu, litikiseni kwa kushika juu na chini, kisha kushoto na kulia. Likicheza, tairodi au bolujointi (viungo vya usukani na gurudumu) au beringi imekwisha. Hapo mwiteni fundi anayeaminika athibitishe. Kumwita fundi kwa jambo la usukani hakuwapunguzii kitu.

Sasa binti apate injini yake. Msianze kwa kuunganisha betri na kupiga stata, kwa sababu ndani ya silinda kumekauka. Fungueni kwanza boksi la filta ya hewa mtazame kama panya wamezaa humo, na mfuate nyaya kwa macho mkitafuta zilizotafunwa. Petroli ya miaka mitatu itolewe yote, mahali pa wazi, mbali na jiko la mkaa, iwekwe kwenye chombo chenye kifuniko. Badilisheni filta ya mafuta, filta ya oili na oili yenyewe, ambayo kwa injini hii ni kama lita 3, mkipima kwa stiki. Chomoeni plagi zote nne, tieni oili kidogo sana kwenye kila silinda, acheni ilale hadi kesho yake. Asubuhi izungusheni injini kwa mkono, kwa soketi kwenye nati ya puli ya chini, kwa mwelekeo wa saa. Ikigoma kabisa, msilazimishe, semeni na fundi. Ikizunguka laini, ondoeni fyuzi ya EFI (mfumo wa umeme unaorusha petroli kwenye injini) ili petroli isirushwe, unganisheni betri nzima, pigeni stata plagi zikiwa nje hadi taa ya oili izime. Hapo mnaweza kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Kipimo chake mafundi wengi wanacho na wataazima, na kilicho kikubwa kuliko namba yenyewe ni silinda zote nne kukaribiana. Rudisheni plagi na fyuzi, tieni petroli mpya, jazeni maji ya rejeta yaliyochanganywa na kulanti, washeni. Moshi kidogo mwanzoni ni ile oili mliyoitia. Likiwa linaunguruma, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.4 kwenye mita. Chini ya hapo, kagueni fan belti na alteneta inayochaji betri. Mkanda wa timing, ule unaoendesha vali za injini, ambao hamjui umri wake badilisheni, maana Toyota huuwekea kikomo cha kilomita 100,000 na hilo gari limekwisha kuishi maisha marefu. Hiyo mpeni fundi, binti akiwa amesimama pembeni anauliza maswali.

Mambo mawili ya kumkataza kabisa: kufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, na kugusa nyaya za njano chini ya usukani, ambazo ni za mfuko wa hewa.

Kwenye maduka ya spea nenda naye, na mwache aongee yeye. Awe na daftari lenye namba ya chesisi, ile inayoanza na AE110 iliyogongwa kwenye ukuta wa nyuma wa injini, pamoja na spea kuukuu mkononi ya kulinganisha. Baadhi ya wauzaji watamjibu kwa kukutazama wewe. Nyamaza, mtazame binti, nao watamgeukia. Kisichopatikana Mtwara huagizwa Gerezani, Dar es Salaam, kikaja kwa basi, na picha nzuri pamoja na namba ya chesisi huokoa safari ya kurudisha. Taa, vioo vya pembeni na vitasa vya milango nunueni mtumba bila hofu. Breki na tairi, vipya. Kwenye ubavu wa tairi mna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Msikubali tairi zee kwa sababu tu kashata zake bado ndefu.

Namba hiyo ya chesisi linganisheni na kadi ya gari kesho asubuhi, kabla ya yote niliyoyasema. Zisipolingana, msifungue hata nati moja. Umiliki uhamishwe TRA kwa jina lako, faini za barabarani za zamani ziangaliwe kwa namba ya gari, na bima ikatwe kabla gurudumu halijagusa lami. Binti hataendesha barabarani kabla ya kutimiza miaka 18 na kupata leseni. Kusogeza gari mbele na nyuma uani, wewe ukiwa umekaa pembeni yake na hakuna mtoto karibu, kunatosha kwa sasa. Akionyesha kipaji, VETA ina vyuo Mtwara na Lindi, na mazungumzo hayo yasisubiri hadi matokeo ya kidato cha nne.

Kuhusu muda: kazi ya chini na ya rangi ni ya kiangazi, kwa hiyo likizo ya Juni itumieni kwa kutu na breki, Julai hadi Septemba kwa injini, siku za Jumamosi tu, masomo yasiguswe. Rangi kama mnaitaka sana ipigwe kabla ya mvua kuanza. Ikipita Oktoba bila rangi, nendeni Newala na gari lenye mabaka ya praima. Bibi atafurahi vilevile.

Msiende Newala kama safari ya kwanza. Anzeni Mikindani hadi Mtwara mjini, rudini, mlale, asubuhi mtazame chini kama kuna tone lolote. Wiki inayofuata nendeni Lindi, kilomita kama 100, mkisimama Mingoyo kugusa ringi kwa nyuma ya mkono: moja ikiwa moto kuliko mwenzake, breki ya gurudumu hilo inabana. Zikifika kilomita 500 tangu injini iwake, mwageni oili ile ya kwanza, mtie mpya na filta mpya. Desemba mvua zitakuwa zimeanza, kwa hiyo wipa na taa zote ziwe nzima. Na mkirudi kwa kushuka upande wa Masasi, kabla ya mteremko kuanza rudisha gia kwenye 2, au L panapozidi ukali, uiache injini ishike gari, na breki uikanyage kwa vipindi badala ya kuilalia. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali ikianza kulainika, egesha mahali salama na usiondoke hadi ringi zipoe zenyewe, bila kuzimwagia maji.